Je, Neno Li Ndani ya Herufi Zake?

Waalimu wa shule zetu wana desturi, somo la Kiingereza likiwachosha watoto, kuwapa mchezo. Mwalimu huandika neno moja refu ubaoni, kisha huwaambia watafute ndani yake maneno mengine kadiri wawezavyo, pasipo kuongeza herufi hata moja, wala kuitumia herufi mara nyingi kuliko ilivyoandikwa. Mchezo huu ni mwema. Hauna gharama, huwafunza watoto kuendeleza maneno, na hata yule aketiye nyuma kabisa, asiyefungua kinywa siku zote, utamwona ameinamia daftari lake akiandika. Sina neno juu ya mchezo. Lakini nyuma ya mchezo limesimama swali lililo kubwa kuliko mchezo wenyewe, nami nimeona watu wazima wakijikwaa juu yake, wengine kwa hasara ya mali. Swali ndilo hili: Je, neno li ndani ya herufi zake? Mtu akiisha kuzishika herufi zote za neno, amelishika neno?

Na tutwae mfano mmoja. Mwalimu ameandika ubaoni TEACHER, ambalo maana yake ni mwalimu. Herufi zake ni saba. Mtoto mwepesi huona upesi HE, HER, HERE, TEA, EAT, EAR. Baadaye huona TREE, yaani mti. Kisha TEACH na REACH. Anayedumu zaidi hupata HEART, moyo, na punde hiyo huona kwamba akiiondoa H mbele na kuipeleka nyuma, amepata EARTH, dunia. Herufi saba hizi, kwa kuwa E imo mara mbili, zaweza kupangwa kwa njia 2520, wala hapana mtoto wa kuzijaribu zote. Kwa hiyo wenye akili hawatafuti ovyo. Wamekwisha kujua ya kuwa katika Kiingereza T hupenda kufuatwa na H, na C vivyo hivyo, na ER hupenda kukaa mwisho, kama wageni wajuao viti vyao.

Hiyo ndiyo njia ya mwanadamu. Mashine za siku hizi, hata zile zilizo ndani ya simu za mkononi, zina njia nyingine, nayo ni rahisi ajabu. Kila neno la kamusi hupangwa herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti. TEACHER ikipangwa hivyo hugeuka A, C, E, E, H, R, T. Maneno yote yenye mpango mmoja huwekwa mahali pamoja, kama watoto wa nyumba moja. Ukiiuliza mashine, huzipanga na herufi zako vivyo hivyo, hufungua mlango wa nyumba ile, na wote waliomo hutoka kwa mara moja. Katika nyumba hii wamo watatu wajulikanao sana: TEACHER mwenyewe, na HECTARE, kipimo cha shamba ambacho sisi twakiita hekta, na CHEATER, ambaye maana yake ni mdanganyifu.

Darasa likigundua hilo la tatu hucheka mno, huku likimtazama mwalimu. Nami huwaacha wacheke, maana wamelitafuta kwa jasho lao.

Cheko la watoto si kitu. Lakini wako watu wazima ambao wakionyeshwa jambo kama hili hawacheki. Hutikisa kichwa na kusema, "Je, jambo hili limetokea bure? Herufi zenyewe zimenena." Wako na wahubiri wa barabarani wayatwaao majina ya Kiingereza, wakageuza herufi zake mbele ya mkutano, wakatoa shetani humo kama mtu atoaye nyoka kikapuni, na wasikilizaji hurudi nyumbani wameogopa neno ambalo jana halikuwadhuru. Pwani, tangu zamani, wako watazamiaji wahesabuo herufi za jina la mtu na za jina la mama yake kwa hesabu ya abjadi, wapate kumwambia nyota yake. Sisi Wakristo twawacheka watu hao na kuwaita washirikina. Kisha Jumapili jioni twakaa barazani na kalamu, tukifanya yale yale kwa herufi za Kizungu.

Na tuyajaribu maneno haya kwa lugha yetu wenyewe, ambayo kila msomaji aweza kuipima. Twaa LIMA. Geuza herufi zake, utapata MALI. Mzee mmoja alipoonyeshwa hivyo alifurahi sana, akasema hapa Mungu ameficha mafundisho: alimaye ndiye apataye mali. Mafundisho hayo ni ya kweli, nami sina haja ya kuyapinga. Lakini herufi hizo nne hazikukoma hapo. Zigeuze tena, utapata MILA. Zigeuze tena, utapata IMLA, ile ambayo watoto huiandika mwalimu asomapo. Zigeuze mara ya mwisho, utapata LAMI ya barabara. Je, alimaye atapata lami? Shahidi anenaye mema kwa kila mtu amwitaye barazani, baraza gani litamsadiki?

Tena, kama kulima na mali vimefungwa pamoja kwa herufi, yapasa vifungwe hivyo kwa mataifa yote, maana udongo wa Waingereza nao huzaa kwa jasho. Kwao mali ni WEALTH. Tafuta ndani ya herufi hizo sita uonavyo, jembe halimo, wala kulima hakumo. Imo WHEAT, yaani ngano, na mkulima wa ngano atapiga vigelegele. Lakini imo na WHALE, yaani nyangumi. Mali ya mkulima hutoka katika mvua na mkono na siku za palizi. Lugha iliyotukia kuviita vitu hivyo viwili kwa herufi zile zile haikuongeza hata punje moja ghalani.

Na sasa niseme jambo la kicho, nalo naomba lisomwe kwa kicho. Herufi za jina MUNGU ni tano. Zigeuze, utapata NGUMU. Waingereza humwita GOD, na jina hilo likisomwa kinyume huwa jina la mbwa. Akitokea mtu wa kusema kwamba Waswahili wamemjua Mungu kuwa mgumu, na Waingereza wamemjua kuwa jambo ambalo sitaliandika mara ya pili, sote twaona mara moja kwamba mtu huyo amepotewa na akili. Wachaga walimwita Ruwa, Wanyakyusa Kyala, Wakikuyu Ngai. Kila jina lina herufi zake, na kila seti ya herufi ina vituko vyake ukiipepeta. Yeye aitwaye ni yule yule. Kama twalikataa jambo hili katika jina lililo kuu kuliko yote, tutalikubalije katika majina madogo?

Wala msidhani ujinga huu ni wa wasiosoma. Mwaka 1610 Galileo, mwanachuo wa Italia, aliitazama sayari ya Zohali kwa darubini yake, akaona kana kwamba ni miili mitatu iliyokaa pamoja. Hakutaka kutangaza upesi, wala hakutaka mwingine amtangulie. Akaandika habari ile kwa Kilatini, akazivuruga herufi zake zote 37 zisisomeke, akazipeleka kwa wenziwe. Zikamfikia Kepler, mnajimu mkuu aliyekuwa Prague. Kepler alizigeuza na kuzigeuza, mpaka akapata maneno ya Kilatini yasemayo kwamba Marihi ana wenzi wawili, maana alikuwa akiwaza kuwa Marihi yapasa awe na miezi miwili. Alipata alichokitaka. Galileo hakuandika neno hata moja juu ya Marihi.

Lakini sikilizeni ajabu yake. Mwaka 1877 Mmarekani aitwaye Asaph Hall aliiona miezi ya Marihi kwa darubini kubwa, nayo ilikuwa miwili kweli kweli. Na ile miili mitatu ya Galileo haikuwa miili mitatu: ilikuwa pete iizungukayo Zohali, kama Huygens alivyoeleza mwaka 1659. Basi maneno ambayo Galileo aliyaficha kweli ndani ya herufi yalikuwa na kosa, na maneno ambayo hakuna mtu aliyeyatia humo yalikuwa sawa! Mtu mwenye haraka atasema, "Unaona? Herufi zilijua." Mimi nasema kinyume. Kama herufi zile zile zaweza kubeba kosa la huyu na bahati ya yule, bila hata moja kuhama isipokuwa mahali pake, basi zenyewe hazikujua lo lote. Aliyeijua miezi ya Marihi ni yule aliyekesha akaiona.

Basi neno ni nini, kama si herufi zake? Wachaga hupanda mmea uitwao isale mpakani mwa mashamba. Ung'oe mmea ule, uupasue, uutazame mizizi na majani: hutauona mpaka ndani yake. Mpaka umo katika mapatano ya majirani wawili na baba zao. Na jani la mmea ule ule, likichukuliwa mkononi kwenda kwa mtu uliyemkosea, huwa ombi la msamaha. Halisemi tena habari za shamba. Neno nalo li hivyo. Andika PAA. Je, umeandika juu ya nyumba, au mnyama wa porini, au kupanda hewani, au kumwondolea samaki magamba? Herufi hazikuambii, ila wale wanaozungumza wajua. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kuume kwenda kushoto. Baadaye Wamisheni wa kwanza waliandika KILLA kwa L mbili, na baada ya kamati ya lugha kuundwa mwaka 1930 sote tukazoea KILA kwa L moja. Mavazi yamebadilishwa mara mbili, na mwenye kuvaa ni yeye yule.

Hapo nimejibu nusu ya swali: aliyelipata neno ndani ya neno jingine hajapata siri. Nusu ya pili ni nzito zaidi, maana hiyo yatugusa sisi tuliosoma.

Uko mchezo wa mezani uitwao Scrabble, uliobuniwa na Mmarekani aitwaye Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi katika miaka ya shida ya 1930. Huyu alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ajue ipi hutumika sana na ipi haba, akatengeneza vibao vidogo 100. E ni 12, na Q ni moja tu. Mchezaji huchukua vibao saba bila kuchagua, akaunda neno. Sheria ya mchezo huuliza kama neno limo katika kamusi iliyokubaliwa. Haiulizi maana yake.

Katika mchezo huu ametokea mtu wa New Zealand, akaaye Malaysia, jina lake Nigel Richards. Kwa Kiingereza amekuwa bingwa wa dunia mara nyingi. Mwaka 2015 alitaka kushindana kwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Alikaa na orodha ya maneno ya Kifaransa muda wa majuma tisa hivi, akaenda Ubelgiji katika mji wa Louvain-la-Neuve, akawashinda wote. Na wa mwisho kushindwa naye alikuwa mtu wa Gabon, ambaye Kifaransa kwake ni lugha ya kila siku. Alipotaka kuwashukuru watu, alihitaji mkalimani. Mwaka 2024 alifanya vivyo hivyo kwa Kihispania, huko Granada. (Mwaka ule ule wa 2015 Mwafrika, Wellington Jighere wa Nigeria, alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza huko Perth. Nalitaja hili kwa sababu vijana wetu hawalijui, nao wapaswa kulijua.)

Basi, je, Richards ajua maneno ya Kifaransa? Ayajua kuliko Wafaransa wenyewe, kwa herufi. Je, ajua Kifaransa? Hawezi kununua mkate kwa maelfu ya maneno aliyo nayo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu kama mimi, alisema ujuzi wa namna hii ni ubatili mtupu. Sikukubaliana naye. Mtu aweza kusuka mkeka wa maandishi, kila herufi ikakaa mahali pake, naye hajui kusoma. Mkeka ni mzuri, na mikono yake yastahili sifa. Richards ni msukaji wa namna hiyo, tena ni msukaji mkuu. Zaidi ya hayo, hakumwambia mtu ye yote kwamba ajua Kifaransa. Alisimama na mkalimani wake mbele ya watu wote bila haya. Ni uaminifu huo ninaoutaka nikumbuke, kwa maana nitasimulia sasa habari ya mtu mwingine ambaye hakuwa na mkalimani.

Katika kijiji kisicho mbali na kwetu yuko kijana aliyemaliza kidato cha nne, hodari mno wa mchezo wa herufi. Mjomba wake alitaka kukopa fedha za mbolea na mbegu. Mkopeshaji akampa karatasi mbili za Kiingereza atie sahihi. Mjomba akaenda nazo kwa mpwa wake, akaketi kwenye kigoda, akasema amsomee. Kijana akasoma toka mwanzo hata mwisho, kwa sauti nzuri, pasipo kujikwaa, na watu wa nyumbani wakatoka jikoni kuja kusikiliza. Alipomaliza, mjomba akamwuliza, "Mpwa wangu, umeisoma yote?" Akajibu, "Nimeisoma yote, mjomba." Mjomba akatia dole gumba.

Katika ukurasa wa pili palikuwa na neno LIEN. Kijana huyu alilifahamu neno lile kwa sura. Katika shindano la shule alipata kulitoa pamoja na LINE na NILE kwa herufi zile zile nne, akahesabiwa alama. Alipolikuta katika karatasi alilitambua, akaona ni neno sahihi, akalipita kama mtu ampitaye jirani ambaye humwona kila siku wala hajui jina lake. Maana yake katika sheria ni haki ya mwenye kukopesha kuizuia mali ya mdaiwa mpaka deni limekwisha kulipwa. Mali iliyoandikwa chini yake ilikuwa maksai wawili na plau. Mvua haikunyesha mwaka ule. Maksai wakachukuliwa, na plau ikafuata.

Je, kijana alisema uongo? Nimeisikia kesi hii ikizungumzwa chini ya mwembe mara nyingi, na watu hawapatani. Wengine husema alimdanganya mjomba wake. Lakini ukilitwaa jibu lake na kulipima peke yake, halina kosa. Aliulizwa kama ameisoma, na kweli aliisoma. Wengine husema hana hatia yo yote, kosa ni la mkopeshaji aliyemwandikia mkulima kwa lugha ya wanasheria. Mkopeshaji nami simsifu. Lakini sidhani kijana ametoka safi.

Angalieni neno KUSOMA katika lugha yetu. Ni nyumba ya vyumba vingi. Atamkaye herufi za karatasi asoma. Aendaye shule asoma. Mwenye elimu amesoma, nasi humwita msomi. Na katika Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa kwa jina hili hili, yaani wasomaji, kwa kuwa aliyeingia dini alianza na kitabu. Basi mjomba aliposema "umeisoma?" aliuliza akiwa katika chumba kimoja, na mpwa alijibu akiwa katika chumba kingine, nao wakaonana kwa sauti tu, ukuta ukiwa katikati. Kijana alijua kwamba ukuta upo. Mjomba hakujua. Hapo ndipo ninapoiona hatia, ikiwa yataka kuitwa hatia: katika ule unyamaavu wake, si katika ulimi.

Hata hivyo nisimwekee mzigo wote. Kijana huyu alisomeshwa kwa kahawa ya ukoo mzima. Alipomaliza, alichinjiwa mbuzi. Mama zake wadogo humwita "Mwanasheria" tangu akiwa na miaka kumi na minne. Nani kati yetu amempa nafasi ya kusema, "Neno hili silijui"? Siku atakayolisema, jirani watacheka, na baba yake atauliza ada ilikwenda wapi. Tumewafundisha watoto wetu kwamba kujikwaa katika kusoma kwa sauti ni aibu, na kupita juu ya neno usilolijua si aibu. Kisha twashangaa maksai wakienda.

Habari ya msomaji wa namna nyingine imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mkushi yule, towashi, mwenye kuitunza hazina yote ya malkia wake, alikuwa akirudi kutoka Yerusalemu kwa njia ya Gaza, ameketi garini, akisoma kitabu cha nabii Isaya. Tena alisoma kwa sauti, maana Filipo alimsikia. Alikuwa msomi, tajiri, mtu wa jumba la kifalme. Na huyu Filipo alikuwa mtu wa njiani, mwenda kwa miguu. Filipo alipomwuliza kama ayafahamu anayoyasoma, mtu mkubwa huyu hakukasirika, wala hakujibu kwamba amekwisha kusoma kitabu chote. Alikiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, akamwomba Filipo apande aketi pamoja naye. Mara nyingi mahubiri yetu hukimbilia yale yaliyotokea baadaye kwenye maji. Mimi hupenda kukaa kidogo pale garini, kabla ya maji.

Najua yuko msomaji atakayeniuliza: Mbona basi twawafundisha watoto Sala ya Bwana kabla hawajajua maana ya neno kutakaswa? Je, hao nao si wenye herufi bila neno? Swali hili ni la haki, nami nimelifikiri siku nyingi. Mtoto aliyeshika maneno asiyoyafahamu ana mbegu katika kibuyu. Hakuna uovu katika mbegu kukaa kibuyuni; mwaka hauanzi na mavuno, na wengi wetu twafahamu leo, tukiwa na mvi, maneno tuliyoyapata tukiwa na meno ya maziwa. Kama tungengoja maana ndipo tutoe neno, hakuna mtoto angaliyeanza kusema. Kwa sababu hii siuachi mchezo wa ubaoni, wala siwakatazi watoto kuokota maneno ambayo maana yake itakuja mwakani. Lakini mtoto huyo haulizwi na mtu kama shamba limekwisha kupandwa. Hakuna mjomba angojaye jibu lake akiwa na dole gumba limepakwa wino. Siku aulizwapo, kibuyu hakitoshi tena. Yambidi aseme ni zipi zilizo ardhini na ni zipi zilizo bado kibuyuni.

Kijana wa maksai bado yu kijijini, na watu bado humletea karatasi, maana hakuna mwingine. Lakini siku hizi hasomi mara moja kwa sauti. Hukaa na karatasi na penseli, mwenyewe akiwa mbele yake, na kila neno asilolijua hulipigia mstari chini yake kabla ya kufungua kinywa. Mwanzoni watu walimwona amepoteza elimu yake, na wawili watatu walizichukua karatasi zao wakaenda zao. Karatasi ya mwisho niliyoiona mikononi mwake ilikuwa ya mjane mmoja, juu ya kiwanja. Ilikuwa na mistari 11. Alimhesabia mmoja mmoja kwa kidole, akamwandikia na nauli, na mama yule akapanda gari la asubuhi kwenda wilayani kuuliza.